Udongo wa Mawaridi ya Thelbury

Beryl Ockenden hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yalipomgomea, mumewe Clive alikuwa dereva wa basi, na ndoa yao yote waliishi kwenye fleti ya ghorofa ya pili isiyokuwa na hata kibaraza cha kuweka chungu cha maua. Labda ndiyo maana waliipenda bustani ya watu wengine kwa mapenzi yale.

Bustani yenyewe ilikuwa ya Jumba la Thelbury. Wenye nyumba walishindwa na gharama za paa zamani sana, wakaikabidhi kwa shirika la kutunza majumba ya kale, wakajibana upande wa nyuma na mbwa wao, na tangu hapo kila mwenye kadi ya mwaka huingia kutembea mle ambamo babu yake angepita kwa mlango wa jikoni tu, kofia mkononi. Clive na Beryl walikuwa na kadi. Jumapili isiyokuwa na mvua walikwenda Thelbury, na yenye mvua walikwenda vilevile, kwa kuwa mtu wa Dorset, kule kusini mwa Uingereza, akisubiri mvua iishe atazeekea dirishani.

Ndani ya jumba Clive hakuwa na raha. Picha za mabwana wenye mashavu mekundu zilimchosha, na viti vilimuudhi, maana kila kiti kilikuwa kimewekewa mbigili kavu kwenye mto ili mgeni asithubutu kukikalia. "Viti vyote hivi na hamna pa kuweka tako," alikuwa akimnong'oneza Beryl, naye Beryl akimfinya mkono huku akimtabasamia mama wa kujitolea anayelinda chumba. Lakini wakitoka nje, wakiuzunguka ule ukuta wa matofali na kuingia bustani ya mawaridi, Clive alikuwa mtu mwingine. Alijua kunusa tu. Kupanda hakujua, kupogoa hakujua, na majina ya Kilatini yaliyobandikwa chini ya vichaka hakuyasoma. Kwenye kona ya ukuta palikuwa na waridi la zamani, jeupe lenye wekundu kidogo katikati, linalochanua mara moja tu mwezi wa sita na mwaka mzima uliobaki likawa miiba mitupu. Clive alilitembelea hata likiwa miiba. Alifunga mikono nyuma, akainama, akanusa, na likiwa na maua aliinuka na unga wa njano puani, akaenda nao hivyo hivyo mpaka mkahawani.

Huko mkahawani, juu ya skonzi na malai, ndiko alikomwambia mkewe habari ya maziko yake. Daktari alikuwa ameshasema juu ya mapafu.

"Usinipeleke kule makaburini kwa mama yako," alisema. "Alinichoka nikiwa hai, ije kuwa milele. Nichomeni, halafu uniweke pale kwenye waridi."

Beryl alicheka. Clive hakucheka, akaendelea kupaka jemu. Ikawa imepita.

Walikuwa na mtoto mmoja, Lorraine, karani wa bima huko Leeds, mbali kaskazini, mtu wa mambo yaliyonyooka. Baba yake alipofariki alitaka kaburi, jiwe na jina. Aliyasema hayo jikoni kwa mama yake, koti likiwa bado mwilini, na Beryl alipomweleza alichotaka marehemu, Lorraine hakuamini masikio yake.

"Kwa hiyo mtu akitaka kumtembelea baba yake afanyeje, Mama? Apange foleni akate tiketi?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Alikuwa anatania. Baba maisha yake yote alikuwa anatania."

Wakakubaliana kwamba wasubiri, Lorraine angerudi mwisho wa mwezi wazungumze vizuri. Beryl hakusubiri. Aliogopa kwamba binti yake akirudi atamshinda kwa maneno, kama alivyomshinda siku zote, na Clive ataishia kando ya mama mkwe wake. Basi akampeleka achomwe, akamweka kwenye waridi peke yake, na alipompigia simu kumwambia imekwisha, Lorraine akasema umeninyima baba yangu, akakata. Tangu siku ile alituma kadi ya Krismasi yenye jina lake tu chini.

Shirika linakataza majivu bustanini. Limeandika kwa maneno ya upole kabisa kwamba linaelewa uchungu wa wafiwa, lakini majivu huunguza mimea, na wageni wengine huja kula sandwichi pale. Kila mtu anajua katazo hilo na kila mtu analivunja. Wanakuja wajane na mikoba, wanatazama kushoto na kulia kama wezi wa kuku, wanamimina, wanaondoka haraka wakijifanya wanapiga chafya. Beryl alimhamishia Clive kwenye chupa ya chai, ile ya safari, akapanda naye basi. Alichagua saa ya chakula cha mchana, watunza bustani walipokuwa kwenye banda lao. Kumwaga kwa upepo hakuweza, aliona ni kumtupa, kwa hiyo akapiga magoti yake mabovu, akachimba kwa kijiko cha jikoni chini ya waridi la konani, karibu na mizizi, akamlaza pale na kumfunika. Aliposimama alikuwa analia na hakuwa na aibu. Alijua mahali. Angeweza kuweka kidole.

Mwaka uliofuata haukuwa mbaya kama watu walivyodhani. Kila Alhamisi alipanda basi, akakaa kwenye benchi linaloitazama kona ile, akala sandwichi yake na kumweleza Clive nani kahama ghorofa ya chini na nani kafa. Binti alikuwa amemkasirikia, ndiyo, lakini Clive yuko. Alijisemea kwamba siku moja Lorraine atatulia, atakuja, na yeye atamshika mkono ampeleke pale hasa, pasipo kubahatisha. Na zamu yake mwenyewe ikifika, Lorraine atajua pa kumweka. Tumaini lake lote lilikuwa limepandwa kwenye kona ile ya ukuta.

Alhamisi moja ya Novemba alikuta kamba imefungwa mlangoni pa bustani ya mawaridi. Ndani hapakuwa na kichaka hata kimoja. Kona ya ukuta ilikuwa shimo, refu na lenye kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu, na mashimo mengine kama hilo yalifuata ukutani mpaka mwisho. Mkuu wa bustani, mwanamama aitwaye Imogen, alikuwa ndani ya mojawapo mpaka magotini, buti zake nyekundu kwa tope, akifurahi na kazi yake.

Beryl aliuliza kulikoni. Imogen, ambaye anapenda wageni wanaouliza, alieleza kirefu. Mawaridi yalikuwa yamezeeka na kuugua, yameng'olewa na kuchomwa moto, majira haya ya baridi yatapandwa mapya. Ila waridi lina tabia yake, halikubali kukaa palipokaa waridi lingine, utalipanda na litadumaa tu. Dawa ni kuutoa udongo wote wa zamani, kina cha majembe mawili, na kuleta mwingine wa shambani. Kila anayepanda mawaridi anajua hivyo. Beryl, wa ghorofa ya pili, angejulia wapi? Angemweka mumewe chini ya ule mwerezi mkubwa wa mbele ya jumba angelala pale karne nzima bila kuguswa. Bustani nzima ya ekari zile, yeye akamchagulia mahali pekee ambapo udongo huhamishwa.

"Na udongo wa zamani," aliuliza, na sauti yake ilitoka ya kawaida, kitu ambacho hakuja kujisamehe, "unaenda wapi?"

"Oh, hautupwi. Nyasi haziudharau." Imogen alionyesha kwa koleo kule ng'ambo ya mazizi ya zamani. "Kuna bonde kwenye maegesho ya ziada, kila Pasaka magari yanazama. Trekta imeusambaza huko kote wiki iliyopita. Tukipanda nyasi sasa, majira ya kuchipua pako tayari."

Hapo ndipo ningemtaka aseme. Angesema, mume wangu alikuwa humo. Imogen si mtu mbaya, angeketi kwenye ukingo wa shimo na kulia pamoja naye. Lakini Beryl alikuwa amevunja sheria, na alikuwa Mwingereza wa kizazi cha kuomba radhi akikanyagwa, na aliona haya ikimpanda kuliko huzuni. Alimwambia Imogen kwamba kazi inapendeza. Alimwomba radhi kwa kumpotezea wakati. Kisha akaenda mkahawani, akaagiza chai, akaiacha ikapoa mbele yake mpaka walipokuja kupangusa meza.

Majira yote ya baridi hakurudi Thelbury. Alikula mkate kwa sababu hauhitaji kupikwa. Alijiambia kwamba majivu ni majivu, na Clive mwenyewe angecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana alimsikia kabisa akicheka na hakuweza kucheka naye. Alichotamani kumwambia mtu hakikuwa na mtu wa kuambiwa. Rafiki zake walikuwa wamepungua, na Lorraine ndiye wa mwisho duniani wa kusikia kwamba baba yake, aliyenyimwa kaburi, sasa amenyimwa hata shimo.

Wakati wa Pasaka akashindwa kuvumilia. Alipanda basi, akakata kushoto badala ya kulia, akaenda maegesho ya ziada. Ni uwanja mkubwa. Nyasi changa zilikuwa zimeota kote, kijani kibichi cha kupendeza, na magari yalisimama juu yake safu kwa safu, watoto wakivalishwa mabuti, mbwa wakishushwa, watu wakifungua vikapu vya chakula. Hakuwa amejua atafanya nini akifika. Alidhani labda ataona, labda moyo utamwambia, ni hapa. Moyo haukumwambia neno. Alitembea kati ya magari akitazama chini, akarudi, akatembea tena.

Mzee wa maegesho, Hugh, mwenye jaketi la njano na sauti ya kule Somerset, mkoa wa jirani, wanakomwita kila mtu mpenzi, akamwona.

"Umepoteza gari, mpenzi?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu la kweli lilikuwa zito mno. "Ndiyo," alisema Beryl.

"La rangi gani?"

"La bluu."

Hugh akamshika kiwiko, wakalitafuta. Walizunguka uwanja mzima, Hugh akiyaonyesha ya bluu moja baada ya jingine, siyo hili, mpenzi? wala hili? na Beryl akitikisa kichwa huku akitazama viatu vyao vinapokanyaga. Kuna wakati alikaribia kufurahi. Angalau palikuwa na mtu anayetafuta pamoja naye. Walipofika mwisho wa safu ya mwisho Hugh aliuliza lilikuwa gari aina gani, na Beryl akalitaja lile dogo ambalo yeye na Clive waliliuza Lorraine alipoanza kazi. Hugh alijua magari. Alijua kwamba la namna hiyo halijaonekana barabarani miaka mingi.

"Nisamehe," alisema Beryl. "Nimekumbuka. Nilikuja kwa basi."

Mzee akamtazama kwa ule upole wanaotazamwa nao wazee walioanza kupotewa na kumbukumbu. Alimpeleka kibanda cha tiketi, akamkalisha, akamletea chai yenye sukari ambayo hakuomba, na wenzake wakatafuta kwenye kadi yake mtu wa kupigiwa. Clive ndiye aliyejaza kadi ile zamani. Aliandika namba ya Lorraine.

Lorraine aliendesha kutoka Leeds siku ileile. Alipofunguliwa mlango wa fleti alisimama akimtazama mama yake, mwembamba kuliko alivyomwacha, na hasira yake yote, aliyoitunza vizuri kwa muda wote ule, ikamwishia pale kizingitini. Wakakumbatiana. Lorraine akapika mayai, akasimamia mpaka yakaliwa. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, wamesema ulikuwa unatafuta gari letu la bluu."

Beryl aliusogeza uma ukingoni mwa sahani.

"Ulifikiri Baba yuko nalo? Ulifikiri mmekuja pamoja?"

Njia zilikuwa mbili tu na Beryl aliziona zote. Angeweza kusema, akili yangu ni nzima, mwanangu, nilikuwa namtafuta baba yako, wamemfukia maegesho. Hapo angebaki na akili zake na kumpoteza binti mara ya pili, na safari hii pengine kwa haki. Au angeweza kunyamaza. Lorraine alikuwa amemshika mikono yote miwili. Hajamshika hivyo tangu utoto.

"Nilichanganyikiwa kidogo," alisema Beryl.

Lorraine akalia, akamwomba msamaha. Alisema alikuwa mkali, alisema angekuja mapema asingekuwa na kichwa kigumu, alisema ametafuta habari na kuna watu wa kuwasaidia wazee wenye matatizo ya kumbukumbu, nyumba nzuri huko kwao Leeds, yenye bustani. Yote hayo yatazungumzwa. Kitu kimoja tu alitaka kwanza kabla hawajaondoka.

"Nipeleke kwa Baba. Bado unakumbuka mahali?"

"Nakumbuka," alisema Beryl.

Walikwenda Jumamosi, Lorraine akiendesha. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na watu walikuwa wamejaa kuja kuona maua ya majira ya kuchipua, kwa hiyo walipofika kwenye njia panda Hugh, ndani ya jaketi lake, aliwapungia mkono kuelekea maegesho ya ziada. Alimtambua Beryl, akamwambia Lorraine amefanya vyema kumleta mama. Lorraine akashukuru, akaingiza gari uwanjani. Magurudumu yalizama, yakazungukia pale pale yakirusha tope, yakashika, na likasogea mpaka kwenye nafasi. Beryl alikaa na mkanda wake haujafunguliwa mpaka binti yake alipouzungukia mlango na kumfungulia. Aliweka mguu chini taratibu. Udongo ulikuwa laini na ukambonyea kiatu.

Bustani ya mawaridi ilikuwa imepandwa upya, vichaka vifupi vyenye majani mekundu machanga, vimepangwa vizuri, kila kimoja na kibao chake. Kwenye kona waliweka la aina nyingine, la kuchanua mara nyingi. Lorraine aliifuata njia ya bustani, akamngojea mama yake aonyeshe. Beryl akanyoosha kidole.

"Hapa?"

"Hapo. Karibu na mizizi."

Lorraine alichuchumaa. Aliweka kiganja juu ya udongo ule wa shambani, mzuri, mweusi, usiomjua mtu, akaubonyeza kidogo kama mtu anayeweka sawa shuka ya mgonjwa, na akaanza kuongea na baba yake kwa sauti ndogo. Beryl alisikia jina lake likitajwa. Alisikia nitamtunza, usiwe na wasiwasi. Wageni wawili waliokuwa wakija wakaona, wakaelewa, wakageuka kwa adabu. Beryl alisimama nyuma ya binti yake na hakuwahi kuwa peke yake hivyo, hata siku walipomfumba Clive macho.

Lorraine alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia. Alisema sasa anaona kwa nini, ni pazuri, kaburi lisingekuwa hivi. Na akasema jambo ambalo mwaka uliopita Beryl angetoa chochote kulisikia.

"Nawe zamu yako ikifika, Mama, nitakuleta hapa hapa. Nakuahidi. Mtalala pamoja."

"Asante, mpenzi," alisema Beryl.

Walirudi maegesho wameshikana mikono. Lorraine alimfungulia mlango, akamkalisha kitini ubavu, miguu nje, maana gari lilikuwa la kukodi na alitakiwa kulirudisha safi. Akaokota kijiti. Viatu vyake akavikwangua haraka kwenye gurudumu, akipiga kisigino chini, tope likaruka. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake, akakipakata kiatu chake, na akaanza kuutoa udongo kwa uangalifu, kwenye mishono, kwenye soli, hata kwenye matundu ya kamba, asiache hata punje.

"Angalia lilivyoganda," alisema. "Uchafu gani huu."

Beryl aliutazama ukidondoka vipande vipande kwenye nyasi. Mdomo wake ulifunguka.

"Leta na mguu huo mwingine, Mama."

Akauleta.